Sentensi ya Ukurasa wa Pili

Kondele, Kisumu
3 Juni 2024

Kaka Oduor,

Nakusalimu wewe, Mama Rosa na wifi Emmaculate. Huku Kondele tupo tu. Duka la dawa linaenda, ingawa tangu wachimbe mtaro mbele ya mlango wateja wanaruka kama mbuzi ndipo waingie. Cliff yuko Nairobi na mkewe, wanangoja mtoto. Mama alishikwa na presha mwezi uliopita, nikamtoa Kisian nikakaa naye hapa wiki mbili. Sasa amerudi kwake. Anasema nyumba aliyofia Baba haifungwi kama kibanda cha soko.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inalia mpaka inachoka. Nimekutumia ujumbe wa wasap, naona umesoma, na jibu hakuna. Emmaculate ameniambia wewe ni mtu wa barua. Haya, barua ndiyo hii.

Jambo lenyewe ni rapar ya Baba, hiyo siku ya kumkumbuka mnayoipanga hapo Pap Onditi tarehe kumi na nne Desemba. Siku ya mazishi nilinyamaza kwa sababu Baba alikuwa bado juu ya ardhi. Ulisimama na kile kijitabu cha rangi ukasoma kwamba Profesa Absalom Oyugi ameacha mjane, Rosa, na watoto kadhaa. Mimi na Cliff ndio hao kadhaa. Mama yangu, aliyempikia na kumwogesha muda wote wa ugonjwa wake, alikaa hema la wageni nyuma ya kwaya. Msichana wa kugawa soda alimwuliza ametoka kanisa gani.

Safari hii haitakuwa hivyo. Walimu waliofundishwa na Baba wana chama chao, na mwenyekiti wao, Mwalimu Sylvia Kageha, ameniomba niandike wasifu wake usomwe mbele ya watu. Nimeuandika, na nakala imo humu. Ukurasa wa kwanza unasema alikuwa na wake wawili, Rosa na Nakhungu. Ukurasa wa pili unaeleza kazi yake: kwamba alifundisha walimu kuweka fimbo chini wakati ambapo mwalimu asiye na fimbo alichekwa, na kwamba yeye mwenyewe katika maisha yake hakuwahi kumpiga mtoto. Nitausoma mimi. Nakuarifu tu, sikuombi ruhusa.

Naswa Oyugi,
mtoto wa Baba kama wewe


Pap Onditi
30 Juni 2024

Naswa,

Barua yako ilifika. Imekaa juu ya kabati muda huu wote kwa sababu tulikuwa na mitihani shuleni, na kwa sababu sikutaka kuijibu nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, lakini kalamu nimeshika.

Mama hajambo, ila macho yanazidi kufunga. Emmaculate anahangaika na shamba. Mafuriko ya Aprili yalibeba mahindi yote ya upande wa chini, tukapanda mtama. Debra wangu yuko kidato cha nne na anadai kila usiku kwamba anasoma.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu Dholuo yako ni ya kununulia samaki. Si kosa lako. Ulilelewa Kisian na mama Mbukusu, na baba ambaye akishaingia ile nyumba alisahau alikotoka.

Sasa nikueleze, kwa kuwa hakuna aliyekueleza. Boma lina utaratibu. Mtoto wa kwanza wa nyumba ya kwanza ndiye anayefungua mdomo kwanza. Ukisimama wewe kabla yangu, wazee wa ukoo watainuka waende zao na chakula kitabaki kwenye sufuria. Ungelijua hili kama ungekuwa unakuja hapa pasipo maiti. Na mke ni yule mwenye nyumba ndani ya boma. Mama yako hana nyumba hapa, hajawahi kuwa nayo. Nilimweka kwenye hema lenye kivuli, na kuna wanawake wa Nyakach hii waliomzika Baba wakiwa juani.

Nitasoma mimi, na nitasoma nilichoandika mimi. Karatasi zako nakurudishia.

O. Oyugi,
Mwalimu Mkuu


Kondele
12 Julai 2024

Bwana Mwalimu Mkuu,

Umenipigia hata mhuri wa shule. Asante. Nimeubandika ukutani dukani ili wateja wajue nina ndugu mkubwa.

Mama anakusalimia. Mimi mwenyewe bado naamua.

Unanifundisha utaratibu. Basi niambie ni utaratibu gani ulioufuata pale kaburini. Mama alikuja kukupa pole. Alisimama kando yako, mkono wa kushoto, akakuita kwa jina, akakuita tena. Ulibaki umesimama kama nguzo ya stima ukitazama mbele. Watu waliona. Alirudi kule nyuma ya kwaya akavua viatu akalia. Mwanamke wa miaka sabini, Oduor. Hata jirani mnayegombana mpaka wa shamba humfanyii hivyo mbele ya kaburi.

Na hiyo nyumba unayonitajia, mama yangu aliiomba. Kila Krismasi aliiomba. Baba alikuwa akisema, nitaongea na Oduor. Aliongea na wewe au hakuongea? Jibu hilo nalingoja.

Kwa kuwa unataka tuheshimu boma, nitakuachia boma lako. Nimezungumza na Mwalimu Sylvia. Tarehe hiyo hiyo tutafunga hema Kisian, kando ya barabara ya Busia, mahali ambapo kila apitaye ataona. Walimu watakuja kwetu. Wasifu utasomwa wote, kurasa zote. Wewe utabaki na ng'ombe wako na wazee wako na picha ya Baba iliyopigwa kabla hajamjua mama yangu. Pengine hata ni nafuu kwako. Inawezekana huwezi kusoma ule ukurasa wa pili bila haya, kwa sababu shuleni kwako bado mnachapa.

Naswa


Pap Onditi
25 Agosti 2024

Naswa,

Nyumbani wapo wazima. Mtama umekubali.

Kumbukumbu mbili za mtu mmoja, siku moja, ni jambo ambalo sijaliona Nyakach. Mama alisikia habari hiyo kutoka kwa wanawake wa kanisa kabla mimi sijamwambia, na siku hiyo hakula. Hilo ndilo limenifanya nijibu. Wewe ungeweza kufunga hema lako mpaka Busia, mimi nisingeshtuka.

Swali lako kuhusu nyumba: Baba hakuongea nami. Baba hakuwahi kuongea nami kuhusu jambo lolote.

Basi sikiliza. Fanyeni hapa, tarehe ile ile. Nitausoma wasifu wako, si wangu. Nitamtaja mama yako kuwa mke wa pili wa Absalom Oyugi, kwa jina lake lote, wazee wakiwa wamekaa. Kiti chake kitakuwa hema la familia, ubavuni mwa mama yangu. Nimekwisha kuwaambia wazee. Wamenung'unika kisha wamekubali.

Sharti langu ni moja. Ukurasa wa pili, ile sentensi inayosema hakuwahi kumpiga mtoto, itoke. Mengine yote ya kazi yake yabaki, sijali. Ukiitoa, mama yako ana kiti. Ukiiacha, hana. Usiniulize sababu.

Oduor


Kisian
9 Septemba 2024

Oduor,

Salamu kwa wote hapo. Mke wa Cliff amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Aloo kwa jina la bibi yetu mzaa Baba. Mama amefurahi mpaka presha imeshuka. Niko kwake wiki hii.

Barua yako ilinifurahisha kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili nimeisoma nikasimama, nikatembea uani, nikarudi nikaisoma tena. Unataka nimpatie mama yangu kiti kwa kumfuta Baba. Hiyo sentensi si pambo. Hiyo ndiyo Baba. Nilipokuwa na miaka saba nilimwaga mafuta ya taa juu ya karatasi za mitihani aliyokuwa akisahihisha, za darasa zima. Aliniita. Nilikuja. Akaniuliza swali moja, kwamba sasa tufanye nini, kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikalijibu mwenyewe. Tulizianika pamoja kwenye kamba ya nguo. Ndivyo alivyokuwa. Ndivyo alivyowafundisha walimu: uliza, kisha ungoje. Na wewe unaniambia nimfute.

Nilimpelekea Mama barua yako nikijua atakataa. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kukujibu, na hayakuwa mazuri. Aliisoma, akavua miwani, akasema niitoe. Mama, Oduor. Yeye aliyemwosha Baba na kumvisha mpaka siku ya mwisho. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Muulize kaka yako habari ya sikio lake." Kisha akaingia kulala na jua bado lipo.

Nyinyi wawili hamjawahi kukubaliana hata juu ya maji ya chai. Leo mmekubaliana dhidi yangu. Mnanificha nini?

Naswa


Pap Onditi
5 Oktoba 2024

Naswa,

Hongera za mtoto.

Sikio langu la kushoto halisikii tangu utotoni. Niliugua malaria, nikapewa kwinini nyingi, likafa. Ukoo mzima unajua, mama yangu ndiye aliyenihudumia na ndiye husimulia. Kama mama yako alisema kitu kule kaburini upande huo, sikumsikia. Mwambie hivyo. La kulia nalo linachoka, ndiyo maana sishiki simu. Sikuona haja ya kukutangazia.

Na shuleni kwangu hatuchapi.

Sentensi itoke. Sina lingine.

Oduor


Kondele
20 Oktoba 2024

Oduor,

Hapa wazima, na natumaini hapo pia.

Mimi nauza dawa. Kwinini ikisumbua masikio husumbua yote mawili, na mara nyingi hurudi dawa ikishaisha mwilini. Haiui la kushoto ikakuachia la kulia. Niliposoma hivyo nikajua ama unanidanganya, ama na wewe ulidanganywa.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda Kisian. Nilikaa na Mama jikoni nikamwambia siondoki. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, kisha akakaa akasema.

Anasema Baba alimwambia kabla hajamwoa. Alimwonyesha mkono wake akasema, "Nilimharibu mtoto wangu kwa mkono huu." Akaapa kwamba hautanyanyuka tena juu ya mtoto, na haukunyanyuka. Mama alimwambia aende Pap Onditi akamwambie mtoto mwenyewe. Alimwambia hivyo mwaka ule, na miaka iliyofuata, hata alipokuwa hawezi tena kushika kikombe. Kila mara Baba alisema, bado.

Kuna na hili, na nimefikiria sana kama nikuandikie. Nilimpigia Mwalimu Sylvia. Anasema kila mwaka Baba alipopokea darasa jipya la walimu, siku ya kwanza aliwasimulia habari ya mtoto mmoja wa Nyakach aliyeitwa asome mbele ya wageni, akapigwa kofi, akapoteza sikio. Hakutaja jina, hakusema nani alipiga. Anasema darasa lililia. Anasema hajawahi kushika fimbo tangu siku hiyo. Walidhani ni mtoto wa mtu mwingine, au hadithi tu.

Nimeitoa ile sentensi. Nampenda Baba na nina hasira naye, na sijui nifanyeje na vitu viwili hivyo. Na wewe pia nina hasira nawe. Miezi yote hii umeniacha nimwage sifa, umekaa kimya ukinidharau, wakati neno moja lingetosha.

Pale ilipokuwa nimeandika nyingine: "Alimpiga mwanawe wa kwanza, Oduor, akaua sikio lake, na maisha yake yote baadaye aliwafundisha walimu wasifanye kama alivyofanya." Nakala mpya imo humu. Isome ukitaka. Ni juu yako.

Naswa


Pap Onditi
11 Novemba 2024

Naswa,

Leo hakuna salamu.

Kwa hiyo nilikuwa somo. Kila mwaka, siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne. Darasa linalia kwa ajili yangu, linafuta macho, linaenda kula. Nami niko hapa Nyakach ninawageuzia watu shingo ili nisikie bei ya chumvi. Watu wangapi walilijua sikio langu, Naswa? Maelfu. Wapo walimu Turkana wanaolijua. Mimi mwenye sikio sikuambiwa kitu.

Nitakueleza mara moja tu. Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Baba alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, akaja likizo na wenzake wawili. Aliniita nisome kitabu mbele yao ili waone mtoto wake. Ukurasa ule niliujua wote, ningeweza kuusema nimefumba macho. Lakini wageni walikuwa wanazungumza, na shuleni tulifundishwa kwamba husomi watu wakizungumza. Nilikuwa nangoja wanyamaze. Yeye akadhani siwezi. Mkono ukaja. Wageni waliendelea kunywa chai. Kesho yake alirudi chuoni.

Unasema wewe alikuuliza akakungojea. Mimi hakuningojea.

Baba huyo unayemlilia, wa kuanika karatasi kwenye kamba ya nguo, mimi sikuwahi kukutana naye. Alikwenda kumzaa huko Kisian, akawapa nyinyi. Mimi aliniachia yule wa kwanza. Hakuniomba msamaha siku ile wala siku aliyokufa, na mama yako alijua, na kila Krismasi alikaa hapo kwake akila kuku. Akinipa pole kaburini ananipa pole ya nini?

Na nikwambie lingine. Mimi nimekuwa mwalimu tangu nikiwa kijana na sijawahi kumpiga mtoto. Si kwa sababu ya mihadhara yake, hiyo sikuisikia. Ile sentensi uliyompa Baba ilikuwa yangu.

Karatasi yako nimeipokea. Nitaisoma. Nitaisoma yote, kwa sauti, mbele ya wazee na kanisa na hao walimu. Mwambie huyo Sylvia aje na wote waliolia. Kiti cha mama yako kipo, sikirudishi, maana nilishasema. Lakini asinisogelee.

Oduor


Pap Onditi
19 Desemba 2024

Naswa,

Mahema yamefunguliwa na viti vimerudi kwa wenyewe. Nyama iliyobaki Emmaculate amewagawia majirani. Natumaini mama yako alifika salama na yule kuku aliyepewa.

Nilisema nitamtaja na nilimtaja. Nilisema atakaa ubavuni mwa mama yangu na alikaa. Hapo sina neno.

Nilisema pia nitaisoma ile sentensi, na uliona kilichotokea. Nilifika ukurasa wa pili nikasimama, kisha nikaruka nikaenda ukurasa wa tatu. Walimu wakapiga makofi, nadhani wakifikiri ni uchungu wa kumpoteza baba umenizuia. Nawe nilikuona. Ulikuwa unalia na unatabasamu, kama mtu aliyeona maridhiano.

Futa hilo. Sijamsamehe. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi nilimwona mama yangu. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba ni kwinini. Aliwaambia wazazi wake, akamwambia pasta, akawaambia walimu wangu, na mpaka leo mtu akimwuliza anajibu hivyo hivyo. Alimkinga mumewe na nadhani alinikinga na mimi nisiitwe mtoto aliyepigwa na babake. Ningeisoma, mjane angegeuka mwongo mbele ya ukoo mzima siku ya kumkumbuka mumewe. Baba amekufa, hakuna ninachoweza kumfanyia. Mama yu hai. Kwa hiyo nikaruka, na Baba akabaki safi. Ameshinda tena.

Mama na mimi hatujawahi kuzungumza jambo hili na hatutalizungumza. Asisumbuliwe. Usiniandikie tena juu yake, wewe wala mama yako.

Kuhusu nyumba: nimewaambia wazee kwamba mahali pa nyumba ya pili papo, na papimwe kabla ya mvua ndefu. Ni utaratibu tu. Usinishukuru.

Oduor


Kondele
2 Januari 2025

Kaka Oduor,

Ulisema nisikuandikie. Nimetumwa.

Mama alifika salama. Presha ilipanda kidogo kwa safari, sasa imetulia. Kuku ameshaanza kutaga na Mama ameapa hachinjwi. Ile ya nyumba sikushukuru, kama ulivyoagiza.

Na ni kweli, nililia nikadhani umesamehe. Nilikosea. Niliposoma barua yako niliona haya, kisha nikaona hasira, kwa sababu barua yangu hii nilikuwa nimekwisha kuahidi kuiandika na nilikuwa nimeichelewesha kwa woga. Sikujua nianze wapi na mtu kama wewe.

Hukuwepo jikoni siku ile. Ulikuwa kwenye hema na wazee mkila. Sisi wanawake tulikuwa nyuma tunapakua wali, Mama yuko hapo, Emmaculate yuko hapo, na wale wa kanisa wanne watano. Mama Rosa akaja na fimbo yake, akipapasa ukuta. Tulidhani anataka maji. Akasimama mlangoni pa jiko akasema, "Haikuwa kwinini."

Akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Oyugi ndiye aliyempiga mtoto, na kwamba yeye ndiye aliyeitunga habari ya kwinini na ameisema mpaka amechoka nayo. Dholuo yangu ya kununulia samaki ilitosha kulielewa. Alisema alijua umefika wapi kwenye karatasi uliponyamaza, maana ulikuwa umeanza habari ya kuweka fimbo chini. Hakuona uso wako, macho yake hayafiki mbali hivyo, lakini alikusikia ukivuta pumzi kwenye kipaza sauti. Alisema, "Ameruka kwa ajili yangu mimi. Si kwa ajili ya babake."

Kwa hiyo kila mwanamke wa boma hilo anajua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unamkinga. Emmaculate analijua neno hili tangu siku ile na anakutazama kila asubuhi hajui akuambieje. Usimgombeze.

Kisha Mama Rosa akauliza nani hapa anaandikiana na Oduor. Wote wakanitazama mimi. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu nizaliwe, akaniketisha kwenye gunia la mkaa. Nilimwambia Mama Rosa, wewe unakaa naye boma moja, mwambie mwenyewe. Akasema amejaribu. Amejaribu miaka mingi. Akisema polepole husikii, na akipaza sauti maneno yanatoka kama ugomvi, na yeye hawezi kukugombeza juu ya jambo hili. Akasema barua haina kelele.

Nimeyageuza kuwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Anasema hivi:

"Oduor, siku ile nilikuwa mlangoni na birika. Nilikuona umeshika kitabu. Nilijua unajua kusoma, ni mimi niliyekusikiliza ukijifunza ukurasa ule. Nilijua unangoja tu wageni wanyamaze. Ningeweza kusema. Nilimimina chai."

Naswa